Malengelenge ya Mbio na Raba za Mtumba: Mwongozo Kamili wa Kupata Kiatu Kinachokutosha

Msimu wa Kilimanjaro Marathon ukikaribia, kikundi chetu cha jogging hapa Dar es Salaam hupata wageni wengi. Kila Jumapili baada ya mzunguko mrefu naona jambo lilelile: mtu kakaa ukingoni mwa barabara, kavua raba, soksi imeshika damu kisiginoni. Ukimuuliza, atakwambia viatu bado vipya, au ngozi yake laini. Wiki inayofuata anarudi na plasta mbili na kiatu kilekile, na lengelenge linarudi palepale.

Wengi wanakwama kwa sababu wanaanzia mwisho. Wanatafuta cha kupaka, wakati shida ilianzia sokoni, dakika ile walipouliza, "Kaka, una namba 42?" Kwa hiyo tutaanzia sokoni. Nimewaandikia wanaonunua mtumba, iwe Karume ya Dar, Memorial ya Moshi, Gikomba ya Nairobi au Kongowea ya Mombasa, maana huko ndiko wengi wetu tunakopata raba nzuri kwa pesa tuliyo nayo. Anayenunua dukani afuate hatua hizihizi, aruke tu zile za kukagua uchakavu.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi mbili za A4, kalamu, na rula au tepu ya fundi cherehani
- Jozi mbili za soksi za nailoni au poliesta, zisiwe za pamba
- Soli ya ndani ya akiba, ile inayochomoka
- Mafuta ya mgando
- Plasta ya karatasi, ile nyeupe nyembamba ya duka la dawa
- Kikata kucha na jiwe la kusugulia miguu
- Magazeti ya zamani, brashi na sabuni ya unga
- Sindano mpya, spiriti na bandeji safi (hivi viwekwe nyumbani, tuombe visihitajike)

## Kwanza elewa lengelenge linavyotokea

Unapokimbia, mifupa ya mguu inakwenda mbele na kurudi nyuma kwa kila hatua. Ngozi ya juu haiendi nayo, kwa sababu imenata kwenye soksi, na soksi imenata kwenye kiatu. Tabaka za ngozi zinavutana mara maelfu mpaka zinaachana, na ile nafasi inajaa maji.

Ngozi yenye jasho inanata kuliko ngozi kavu. Ndiyo sababu mtu anaweza kukimbia kilomita 15 Arusha wakati wa baridi asipate kitu, akaja Dar mwezi wa pili akaumia kwenye kilomita ya 8 na raba ileile.

Basi una mambo mawili ya kupigana nayo: mguu unaocheza ndani ya kiatu, na unyevu. Kila hatua hapa chini inashughulikia moja kati ya hayo.

## Hatua ya 1: Pima mguu kwa sentimita

Pima jioni, au mara tu baada ya kukimbia. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi ukikimbia. Ukipima asubuhi umetoka kitandani, umepima mguu ambao hautakuwa huo kwenye kilomita ya 10.

Weka karatasi sakafuni, upande wake mmoja uguse ukuta. Vaa soksi utakazokimbilia. Simama juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta, uzito wote uwe kwenye mguu huo. Mwombe mtu akuchoree mguu pande zote mbili, na akuwekee alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengine si kidole gumba, ni kinachofuata. Usiiname kujiwekea mwenyewe, ukiinama mguu unasogea.

Pima kutoka ukutani hadi kwenye alama. Rudia mguu wa pili. Karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kidogo, na huo ndio utakaonunulia. Wangu wa kushoto ni sentimita 26.3 na wa kulia 26.7, kwa hiyo wa kushoto hauna kauli sokoni.

Sasa ongeza nusu sentimita hadi moja. Mimi naanza kutafuta 27.5.

Kwa nini sentimita na si namba? Inua ulimi wa raba usome lebo iliyoshonwa ndani. Utakuta US, UK, EUR, na mara nyingi CM, au JP yenye namba kama 270, ambayo ni milimita. Raba ya kiume ya Nike yenye US 9 imeandikwa EUR 42.5. Ya Adidas yenye US 9 hiyohiyo imeandikwa 42 2/3. UK zake pia hazilingani, 8 kwa Nike na 8.5 kwa Adidas. Lakini zote mbili kwenye sentimita zinasoma 27. Anayeuliza "42" anauliza swali lenye majibu mengi. Anayesoma CM anakaribia kiatu chake kabla hata hajakivaa.

Umefaulu ukiwa na namba moja kwenye simu yako, kwa mfano "CM 27.5", na upana wa mguu wako umechorwa kwenye karatasi ya kwenda nayo.

## Hatua ya 2: Nenda sokoni na mguu uliochoka

Mzigo mzuri huonekana asubuhi ya siku belo linapofunguliwa. Mguu mzuri wa kujaribia ni wa jioni. Mimi hukimbia kilomita tano hivi alfajiri, halafu natembea sokoni. Nafika mguu umeshatanuka na mzigo bado haujachaguliwa.

Beba soksi zako. Kujaribu raba kwa soksi ya kuazima, au mguu mtupu ndani ya mfuko wa nailoni anaokupa muuzaji, ni kujaribu kiatu kingine kabisa.

Usiseme unatafuta "raba" tu. Utaletewa za kutembelea, za mpira wa kikapu na za fasheni. Sema "za mbio". Utazitambua hivi: nyepesi mkononi, juu ni kitambaa cha matundu kinachopitisha hewa, na sponji ya chini ni nene zaidi kisiginoni. Soli bapa na ngumu kama ubao, hata iwe na jina kubwa, iache.

## Hatua ya 3: Kagua kwa mikono kabla ya kuuliza bei

Hapa ndipo nawaomba muwe wavumilivu, kwa sababu macho yanadanganywa kirahisi. Raba za mtumba huoshwa, hupigwa brashi, na nyingine hupakwa rangi nyeupe pembeni. Mkono haudanganyiki hivyo.

Ingiza mkono ndani. Anza nyuma, pale kisigino kinapokaa. Pitisha vidole polepole kwenye bitana yote. Unatafuta tundu, kitambaa kilichosagika, au plastiki ngumu iliyoanza kujitokeza. Mwaka juzi nilinunua jozi nzuri sana machoni, bluu, soli karibu mpya. Bitana ya kisigino cha kulia ilikuwa na tundu dogo kuliko punje ya mahindi. Nililigusa nikaona ni kidogo. Kwenye kilomita ya 14 kisigino kilikuwa kimeng'oka ngozi kipande cha ukubwa wa sarafu. Tundu la kisigino, hata dogo, ni sababu tosha ya kurudisha kiatu. Fundi anaweza kushonea kiraka, lakini mshono wa kiraka nao unasugua.

Chomoa soli ya ndani. Angalia alama ya mguu wa mwenye kiatu wa kwanza. Ikiwa imezama sana, soli hiyo utaibadilisha. Hilo si tatizo. Angalia zaidi sakafu iliyo chini yake: ikiwa nayo imebonyea, mguu wako utakuwa unateleza kufuata shimo la mtu mwingine.

Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba. Inatakiwa ibonyee na irudi. Ikibaki ngumu kama jiwe imekufa. Ikiwa na mikunjo mingi ya mlalo kama ngozi ya kiwiko, imechoka. Chunguza mikunjo hiyo chini ya rangi nyeupe. Raba ya mbio kwa kawaida huhesabiwa kudumu kilomita 500 hadi 800, na mikunjo ndiyo inakuonyesha zimeshakwenda ngapi.

Weka jozi juu ya meza, uitazame kwa nyuma. Zote mbili zisimame wima. Kimoja kikilala ndani au nje, kimezoea mwendo wa mtu mwingine na kitakulazimisha kuufuata.

Kunja sehemu ya mbele. Kiatu kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo. Wakati umekikunja, tazama mstari wa gundi kati ya soli na kitambaa. Ukiona upenyo au ukisikia mlio wa kukatika, kirudishe.

> Tahadhari: Usivutwe na raba ambayo soli yake haijasagika kabisa ila sponji imekuwa ya njano na kavu. Hiyo imekaa stoo miaka mingi. Sponji na gundi huzeeka hata kiatu kisipovaliwa, na soli inaweza kubanduka wiki za mwanzo.

Yanayovumilika: kamba mbovu, soli ya ndani iliyochoka, madoa, na ncha ya soli iliyobanduka kidogo ambayo fundi ataigandisha.

## Hatua ya 4: Jaribu vyote viwili, na uvikimbie

Chukua soli ya ndani uliyoichomoa, iweke chini, simama juu yake, kisigino sawa na ukingo wa nyuma. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, karibu sentimita moja. Pembeni, nyama ya mguu isimwagike nje ya soli. Ikimwagika, kiatu ni chembamba, na kidole chako kidogo ndicho kitakacholipa.

Irudishe soli, vaa raba zote mbili, funga kamba vizuri. Simama. Sasa tembea, kisha kimbia mita 50 kwenda na kurudi. Wauzaji wengi wamezoea, hawakatai.

Sikiliza kisigino. Kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, hapo ndipo lengelenge litakapotokea. Halafu simama kwenye mteremko au shuka ukingo wa barabara ukikanyaga kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele, kiatu ni kifupi. Kwa anayejiandaa na Kilimanjaro Marathon kule Moshi hili lina uzito wa pekee: barabara ya Mweka, ambako mbio hupita, unaipanda ukiwa na nguvu, unaishuka ukiwa umechoka, na katika kushuka ndipo kucha zinapogeuka nyeusi.

Muuzaji atakwambia, "Ikivaliwa itaachia, bosi." Kwa kiatu cha ngozi kuna ukweli. Kitambaa cha raba ya mbio hakirefuki. Kinachobana sokoni kitabana zaidi mguu ukivimba.

Bei iache mwisho, ukiwa umeshajua kasoro. "Kaka, sponji ni nzima ila soli ya ndani imekufa, nitanunua nyingine." Maneno ya namna hiyo hushusha bei bila kugombana. Jozi ninayokimbilia sasa ilianzia shilingi 60,000, nikaondoka nayo kwa 35,000.

Umefaulu ikiwa baada ya mita 50 huna sehemu yoyote ya kiatu unayoiwazia.

## Hatua ya 5: Osha na uweke soli mpya

Toa kamba na soli ya ndani. Osha kwa maji ya kawaida, sabuni ya unga na brashi, ndani na nje, kwa sababu fangasi wa miguu huweza kuhama na kiatu. Suuza mpaka povu liishe kabisa. Sabuni iliyobaki ikikutana na jasho inawasha.

Jaza magazeti, yabadilishe yakilowa, anika kivulini penye upepo kwa siku mbili. Maji ya moto na jua kali la juu ya bati hulegeza gundi na kukausha sponji.

Kata soli mpya kwa kutumia ya zamani kama kipimo. Unene uwe uleule. Soli nene zaidi inakuinua kisigino kutoka mahali pake, na kiatu kilichokutosha sokoni kinaanza kuchezacheza.

## Hatua ya 6: Achana na soksi za pamba

Pamba inanywa jasho na kulishika. Baada ya nusu saa umevaa kitambaa chenye maji kinachokunjana na kusugua. Soma kifungashio. Kama hakina maelezo, dondosha tone la maji juu ya soksi: pamba hulinyonya na kubaki na doa zito, lakini nailoni na poliesta hukauka upesi.

Pindua soksi ndani nje, upitishe kidole kwenye mshono wa vidoleni. Mshono mnene kama uzi wa gunia unachubua.

Mwenye ngozi inayosumbua sana avae stokingi fupi nyembamba ndani, soksi ya michezo juu. Vitambaa viwili vinateleza vyenyewe kwa vyenyewe, na ngozi inabaki imetulia. Hii ni njia ya bei ndogo kuliko zote ninazozijua, na nimeona imewasaidia watu waliokuwa wameshakata tamaa. Hakikisha tu kiatu bado kina nafasi.

## Hatua ya 7: Funga kamba kushika kisigino

Raba nyingi za mbio zina tundu la ziada juu kabisa, karibu na kifundo cha mguu, ambalo watu hawalitumii. Kazi yake ni hii:

1. Funga kamba kawaida mpaka tundu la pili kutoka juu.
2. Kila upande, ingiza kamba kwenye tundu la juu kabisa la upande uleule, uache kitanzi kidogo kwa nje. Usivushe bado.
3. Sasa vusha: kamba ya kushoto ipite ndani ya kitanzi cha kulia, na ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto.
4. Rudisha kisigino nyuma kabisa, vuta kamba zote mbili kuelekea chini, kisha funga fundo lako la kawaida.

Kisigino kitakamatwa bila kubana juu ya mguu. Vidole vikianza kufa ganzi, umekaza mno.

## Hatua ya 8: Zoesha taratibu

Mara ya kwanza kimbia kilomita 3, kisha 5, kisha 8, ukipumzisha siku kati. Kila ukirudi, vua soksi utazame mguu kwenye mwanga. Wekundu unaobaki zaidi ya nusu saa ndipo mahali pa kushughulikia: kamba, soksi, au soli ya ndani.

Usiende kwenye mbio za kilomita 21 na kitu chochote ambacho hakijapita angalau kilomita 12 mguuni mwako, hata soksi za zawadi zilizomo kwenye mfuko wa namba.

## Hatua ya 9: Andaa ngozi kwa mbio ndefu

Kata kucha siku mbili au tatu kabla, kwa mstari ulionyooka. Sugua sugu iwe laini lakini usiimalize, kwani inakulinda. Sugu nene sana hutoa lengelenge chini yake, na hilo ni gumu kulitibu.

Asubuhi ya mbio, sehemu inayokusumbua iwe safi na kavu, ubandike plasta ya karatasi safu moja, bila mikunjo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliijaribu kwa wakimbiaji wa mbio zinazokimbiwa kwa siku kadhaa, zenye jumla ya kilomita 250, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha malengelenge yalipungua kwa asilimia 40. Hiyo ni plasta ya bei ndogo kabisa dukani.

Kwingineko, hasa kati ya vidole, paka mafuta ya mgando kidogo. Usipake chini ya plasta, itabanduka. Na mafuta yana muda wake, hayakai mbio nzima ya saa nne.

Kwenye vituo vya maji, ukijimwagia kichwani inama mbele. Maji yakiteremka mgongoni na miguuni yanaishia kwenye soksi, na kilomita mbili baadaye unayasikia.

Ukisikia sehemu inachoma, simama papo hapo. Nyoosha soksi, toa mchanga, kaza kamba. Dakika mbili ukingoni mwa barabara zinaokoa wiki mbili za kuchechemea.

## Likishatoka

Dogo lisilouma, liache. Lifunike tu.

Kubwa linalokuzuia kutembea: nawa mikono, osha mguu kwa sabuni, pangusa lengelenge na sindano mpya kwa spiriti. Toboa ukingoni, sehemu mbili au tatu, ukamue maji taratibu. Usibandue ngozi ya juu, ndiyo bandeji bora kuliko zote. Funika kwa bandeji safi, badilisha kila siku au ikilowa. Lenye damu ndani usilitoboe. Usipitishe uzi na kuuacha ndani, unaingiza vijidudu. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa visiguse hapo.

> Tahadhari: Mwenye kisukari asitoboe kabisa, aende kituo cha afya. Vivyo hivyo yeyote anayeona usaha, wekundu unaosambaa, mistari myekundu inayopanda mguuni, au homa.

Kabla ya kurudi barabarani, tazama lilipotokea, kwa sababu mahali pake panakwambia cha kurekebisha. Nyuma ya kisigino: kisigino kinacheza, rudi Hatua ya 7. Ncha za vidole na kucha: kiatu kifupi, au mguu unateleza mbele kwenye miteremko. Ubavuni mwa kidole kidogo: kiatu chembamba, na hapo hakuna namna ya kufunga kamba itakayokuokoa, tafuta jozi nyingine. Chini ya wayo, nyuma ya vidole: soksi imekunjana au imelowa. Kwenye upinde wa ndani wa wayo: ukingo wa soli uliyonunua unasugua, basi ichomoe uipunguze kwa mkasi milimita mbili upande huo, uijaribu tena kwenye kilomita 3.